Tununue, Tujenge au Tuendelee Kupanga? Hotuba kwa Wanachama wa SACCOS ya Watumishi, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Bodi na wa Kamati ya Mikopo, ndugu wanachama wenzangu,

Nashukuru kwa mwaliko huu. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mfanyakazi aliyepanga katika jiji hili hujiuliza angalau mara mbili kwa mwaka, yaani kila kodi ya miezi sita inapokaribia kwisha: niendelee kupanga, au nitafute pangu? Mimi ni mthamini wa ardhi na majengo, tena mstaafu, kwa hiyo sina kiwanja cha kuwauzia wala benki ya kuwapeleka. Nadhani namna tunavyouliza swali hili ndiyo inayotupotosha. Tunauliza kama kumiliki ni bora kuliko kupanga, na hilo kila mtu hulijibu kwa moyo kabla hajashika kalamu, kwa sababu katika jamii yetu mtu mzima mwenye watoto ambaye bado amepanga huonekana kama hajaanza maisha. Swali la kwanza lingekuwa: ni kitu gani hasa nitakachokuwa nimekinunua, kwa fedha za aina gani, na kitanifaa kwa miaka mingapi?

Nianze na fedha, maana ndiko ambako wengi hushangaa. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vitatu yenye thamani ya shilingi milioni 120, mahali pa kawaida katika Kinondoni au Ubungo. Katika kazi yangu sikuwa nikiona nyumba ya thamani kama hiyo ikipangishwa kwa fedha nyingi. Tuseme shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani milioni sita kwa mwaka, ambayo ni asilimia tano ya thamani yake. Mwenye nyumba huyo amefungia milioni 120 mahali panapomrudishia asilimia tano, na hapo hajapaka rangi, hajaziba paa, hajaita gari la kunyonya majitaka. Kwa upande wa pili, mikopo ya nyumba ya benki zetu, ingawa imelegea kiasi tangu kampuni ya TMRC ilipoanzishwa mwaka 2010 ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu, kwa miaka mingi imetolewa kwa riba ya kati ya asilimia 15 na 19. Mkikopa kwa asilimia 16 ili mnunue kitu ambacho mngeweza kukitumia kwa asilimia tano, mnalipa bei kubwa sana kwa ajili ya neno “changu”.

Hesabu yenyewe ni hii. Benki inakutaka uweke milioni 24 zako, nayo inakukopesha milioni 96 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 16. Rejesho ni kama shilingi 1,410,000 kila mwezi. Katika rejesho la kwanza, shilingi 1,280,000 ni riba tupu, na deni lenyewe limepungua kwa 130,000 tu. Hadi kumaliza utakuwa umeilipa benki karibu milioni 254, ukijumlisha na zile 24 za mwanzo ni 278. Mpangaji wa nyumba ileile, hata kama kodi yake itapanda kwa asilimia tano kila mwaka bila kukosa, atakuwa amelipa kama milioni 130 katika miaka hiyo 15. Ni kweli kwamba mnunuzi ana nyumba mkononi, na ikiwa nayo imepanda thamani kwa asilimia tano kila mwaka, itakuwa na thamani ya karibu milioni 250. Lakini mpangaji aliyeziweka milioni 24 zake na kila shilingi aliyobakiza kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS au hatifungani za Serikali, zikamkulia kwa asilimia nane tu kwa mwaka, atakuwa na zaidi ya milioni 300, na anaweza kuinunua nyumba hiyo taslimu na kubaki na chenji.

Naona baadhi yenu mnatabasamu, na najua kwa nini. Nani kati yetu ataiweka kando tofauti hiyo kila mwezi kwa miaka 15? Kuna ada za shule, kuna msiba, kuna michango ya harusi ambayo kadi zake zinafika kabla ya mshahara. Nguvu halisi ya mkopo wa nyumba, na hili wapigaji hesabu wengi husahau kulisema, ni kwamba unakatwa kwenye mshahara kabla haujakufikia mkononi, kwa hiyo humlazimisha mtu kuweka akiba ambayo kwa hiari yake asingeiweka. Hoja hiyo ni ya haki. Ila chama cha akiba na mikopo kama chenu nacho kina uwezo wa kukata kwenye mshahara, na hakina haja ya kumtoza mtu asilimia 16 ili kumfundisha nidhamu.

Pamoja na hayo, mikopo yote ya nyumba ya benki zote nchini haifiki asilimia moja ya pato la taifa. Maana yake, idadi kubwa ya nyumba tunazoziona kuanzia Chanika hadi Bunju hazikununuliwa kwa benki. Zimejengwa kidogo kidogo: mwaka huu kiwanja, mwaka kesho msingi, kisha tofali, kisha fundi anatuambia nondo zimepanda bei na kazi inasimama. Wenzetu wa nchi nyingine wanauliza ununue au upange. Kwetu sisi swali ni upange au ujenge, na mara nyingi jibu ni vyote viwili kwa pamoja, kwa miaka mingi.

Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko zote, na sijui kwa nini haisemwi. Boma, yaani nyumba isiyokamilika, lililofika kwenye lenta juu ya madirisha likasimama miaka minane linanyeshewa mvua, nondo zinashika kutu, tofali zinaliwa na chumvi, na mlinzi analipwa kulinda kitu ambacho hakuna anayelala ndani yake. Mwenye boma anaendelea kulipa kodi ya pango mjini kana kwamba hana kitu. Zile milioni 25 alizozizika pale hazimpi makazi wala hazimpi faida. Watu husema ujenzi wa namna hii hauna riba, nami nawaambia riba yake ni kodi ya pango mnayolipa kwa kila mwaka ambao boma halina paa, isipokuwa hakuna anayewaletea taarifa ya akaunti. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanachama vijana unapingana kidogo na desturi: nunueni kiwanja kilichopimwa mapema mnavyoweza, kwa sababu bei ya viwanja haiwasubiri, lakini msichimbe msingi hadi akiba yenu itoshe kufikisha nyumba ndogo inayolalika ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vyumba viwili, choo, jiko na paa. Sebule ya wageni ije baadaye.

Ushauri huu una mwiba wake. Hati ya kiwanja huambatana na masharti ya uendelezaji, ambayo kwa kawaida humtaka mmiliki ajenge ndani ya miezi 36, na kiwanja kilichotelekezwa kinaweza kufutiwa umiliki au, jambo linalotokea mara nyingi zaidi, kuvamiwa. Anayenunua mapema lazima alipe kodi ya ardhi kila mwaka bila kuruka, ahakikishe mawe ya mipaka yapo mahali pake, apande miti au ajenge uzio mwepesi, na azoeane na majirani kiasi kwamba mgeni akianza kumwaga mchanga pale, simu yake italia siku hiyohiyo.

Nimesema kiwanja kilichopimwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wa Dar es Salaam hawafilisiki kwa sababu ya kodi ya pango. Wanafilisika kwa kununua karatasi wasiyoielewa. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Tunachouziana ni haki ya kuimiliki na kuitumia kwa muda, ambao huwa ni miaka 33, 66 au 99. Ukiuziwa nyumba yenye hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995, umeuziwa haki inayokwisha mwaka 2028, na bei yake lazima iseme hivyo. Chini ya hati kuna barua ya toleo, ambayo ni hatua ya kuelekea kwenye hati. Kisha kuna leseni ya makazi, iliyoanza kutolewa katika jiji hili miaka ya 2000 kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa, ambayo ni ya muda mfupi na huhitaji kuhuishwa. Halafu kuna ile tunayoijua wote, karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa nani anaishi wapi, lakini muhuri wake si hati, na haumzuii mtu wa pili kuja na karatasi yenye muhuri uleule.

Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, omba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati ujue jina lililoandikwa, kama nyumba imewekwa rehani, na kama kuna zuio. Nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa uone mchoro wa eneo, kwa sababu kiwanja kinachoonekana kizuri kinaweza kuwa kimepangwa kuwa shule, eneo la wazi au hifadhi ya barabara. Kama muuzaji ana mwenza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ridhaa hiyo iandikwe na kusainiwa, isiwe ya mdomo. Kama nyumba ni ya marehemu, usizungumze na mtoto mkubwa wala na baba mdogo hadi uone uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Mwisho, nenda ukaione wakati wa masika. Dalali atakupeleka Januari saa nne asubuhi, jua likiwaka. Wewe nenda Aprili, uone maji yanapita wapi.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2017, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro zilivunjwa kwa kuwa katika hifadhi ya barabara, na miongoni mwa waliovunjiwa walikuwamo watu waliokaa hapo miaka mingi, wakilipia umeme na maji kama mimi na wewe. Desemba 2011 mvua iliyofurika bonde la Msimbazi iliwatoa watu majumbani, na baadhi yao wakapelekwa kuanza upya Mabwepande, mbali kabisa na kazi zao. Kigamboni, baada ya mpango wa mji mpya kutangazwa mwaka 2008, wamiliki walizuiwa kuendeleza maeneo yao kwa miaka kadhaa, na mpango wenyewe haukutekelezwa kama ulivyotangazwa. Mpangaji wa Kimara aliyeona alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani alifungasha vyombo akahama, pengine akapoteza kodi ya miezi michache. Aliyeondoka bila kitu ni mwenye nyumba. Hatari ya ardhi humwangukia mmiliki, na mtu anayelipa kodi ya pango ananunua pia usalama dhidi ya hatari hiyo, ingawa hakuna anayemwandikia kwenye risiti.

Niseme machache kuhusu umbali. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, kutoka 4,364,541 mwaka 2012, na watu hao waliongezeka zaidi pembezoni kuliko Kariakoo na Ilala. Kiwanja cha bei mnayoiweza leo kiko Chamazi, Kivule, Madale, au kimeshavuka mpaka wa mkoa kikaingia Kibaha. Anayefanya kazi Muhimbili na kulala huko anaamka saa kumi alfajiri, anapanda bodaboda hadi kituoni, kisha daladala, kisha daladala ya pili au mwendokasi, na jioni anairudia safari hiyo akiwa amechoka. Hesabuni nauli ya mwezi mzima ya watu wote wa nyumba, watoto wakiwamo, kisha hesabuni saa. Wengi mtakuta kwamba kodi mliyoiokoa imehamia kwenye nauli na mafuta ya gari, na mtoto wenu wa miaka saba hawaoni ninyi wazazi wake kwa mwanga wa jua isipokuwa Jumapili. Kwa familia yenye watoto wadogo na kazi katikati ya jiji, naona kupanga karibu ni uamuzi wa busara kabisa, hata kama kiwanja mnacho.

Sasa, mpangaji wa jiji hili naye ana dhiki zake, na sitaki mtu aseme nimezipita. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni ile mliyokubaliana, au kwa kusema kweli, ile mwenye nyumba aliyoitaja. Kuzidai kodi za miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo ndiko kunakowaumiza watumishi kuliko kiwango chenyewe, kwa sababu mshahara unakuja kila mwezi na kodi inakuja kama mafuriko. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kufungua geti. Halafu kuna kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida: kodi ni ya mmiliki, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Ni fedha ndogo, ila ni haki yenu kuandika kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye pango. Na mkataba uandikwe. Useme kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, nani anatengeneza paa likivuja, na notisi ni ya miezi mingapi. Mwenye nyumba anayekataa kuandika kitu chochote anawaeleza mapema atakavyokuwa siku mkikosana.

Kuhusu fleti nitapita haraka. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, mtu anaweza kupata hati ya fleti moja ndani ya ghorofa, na kwa asiyetaka habari za mafundi na mipaka ni njia safi. Lakini ulizeni ada ya huduma ya kila mwezi, jenereta, lifti na maji, na nani anasimamia chama cha wamiliki, kwa sababu ghorofa lisilo na usimamizi huchakaa upesi na thamani ya fleti yako inashuka pamoja na ya jirani asiyelipa. Nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, zimekuwa kimbilio la wapangaji wa mjini kwa vizazi, lakini ni chache mno kwa jiji la watu milioni tano. Mpango wa mpangaji mnunuzi, kama ule uliozungumzwa kwa kaya 644 za wakazi wa zamani wa Magomeni Kota zilipokabidhiwa majengo mapya mwaka 2022, unanivutia zaidi, kwa sababu unamruhusu mtu kuishi kwanza na kulipia umiliki polepole. Ningependa kuuona ukiwafikia pia watu wasiokuwa na historia maalumu na eneo fulani.

Jambo la mwisho kabla ya mapendekezo ni majina. Wanandoa wanaonunua pamoja waandike majina mawili. Ni kweli kwamba tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imetambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa, lakini kwenda mahakamani kuthibitisha ulichokijenga ni safari ndefu, na jina kwenye hati huipunguza.

Ndugu Mwenyekiti, nina mapendekezo matatu kwa mkutano huu. La kwanza, chama kianzishe mkopo wa kodi ya pango unaomlipa mwenye nyumba miezi sita kwa mkupuo na kukatwa kwa mwanachama kila mwezi, kwa riba ndogo kuliko ya mkopo wa dharura, ili mwanachama asikimbilie wakopeshaji wa mitaani kila Juni na Desemba. La pili, mkopo wowote wa kununua kiwanja au nyumba usitolewe hadi majibu ya upekuzi rasmi na mchoro wa mipango miji viwe ndani ya faili, na gharama ya upekuzi huo ilipwe na chama, maana ni ndogo mno ukilinganisha na mkopo mmoja unaopotea. La tatu, mkopo wa ujenzi utolewe kwa mwanachama ambaye akiba yake pamoja na mkopo vinatosha kufikia paa na choo, na asiyefikia hapo apewe nafasi ya kuendelea kuweka akiba badala ya kupewa fedha za msingi peke yake. Najua pendekezo hili la tatu halitapendwa na wote waliomo ukumbini, na niko tayari kulitetea wakati wa maswali.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.